Herufi Tatu za Ingwe

Mwulize shabiki wa AFC Leopards aliyekula chumvi nyingi: AFC ni kifupi cha nini? Huenda akatabasamu kwanza, kisha akakujibu.

Kabla ya 1980 jibu halikuwa na mzungusho: Abaluhya Football Club. Lakini serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa imeamua kwamba majina ya makabila yanawagawa Wakenya. Vyama vya ustawi vya kikabila vikavunjwa, na amri ikafika hadi uwanjani. Luo Union, mabingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977, wakawa Reunion. Gor Mahia, klabu yenye jina la mganga wa Kijaluo aliyesifika kwa maajabu yake, ikaitwa kwa kipindi Gulf Olympic Rangers. Nao Abaluhya, waliotwaa kombe hilohilo la kanda mwaka 1979, wakawa AFC Leopards.

Sasa yatazame majina hayo kwa makini. A, F na C zimebaki palepale, ila zimepewa maana mpya inayowakumbatia wanasoka wote. G, O na R ukizisoma pamoja unapata Gor. Union imejificha ndani ya Reunion. Kisha mashabiki wakaongeza lao: Leopards, neno la Kiingereza lisilo na kabila, wakaligeuza kuwa Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya. Serikali ilipata ilichotaka kwenye karatasi. Jukwaani, wenye klabu walibaki na chao.

Kisa hiki husimuliwa kama ngano ya sungura na fisi, na sungura ni shabiki. Nami hucheka kila nikisikiapo. Lakini baada ya kucheka naona pande zote mbili zilijidanganya kidogo.

Serikali ilidhani ugonjwa umo ndani ya jina. Laiti ungekuwa humo, kupaka rangi upya mbao za vilabu kungeuponya. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yalitokea zaidi ya robo karne baada ya amri ile, na chanzo chake hakikuwa jina la timu. Mashabiki nao wana utetezi wao wa siku zote: jina ni jina tu, halimdhuru mtu. Kama ni jina tu, mbona lilifichwa kwa ustadi namna ile? Hakuna anayezika kitu kisicho na thamani.

Watetezi wa majina ya zamani hupenda pia kutaja Washington, Marekani, ambako timu ya kandanda ya Kimarekani iliacha jina la Redskins mwaka 2020 kwa shinikizo la wadhamini, ikawa Commanders mwaka 2022. Mashabiki wengi walilalamika kwamba wameporwa urithi, na hadi leo wapo wanaotaka jina la zamani lirudi. Kilio kinafanana na cha Nairobi, lakini kesi ni tofauti kabisa. Kule, waliotajwa ni Wenyeji wa Asili wa Amerika, na wengi wa waliokuwa wakishangilia si wao. Wanaharakati wao walipinga kwa miongo kadhaa, hadi mahakamani, wakisema neno hilo ni tusi. Huku, Waluhya walijiita wenyewe. Kabla ya kuuliza kama jina libadilishwe, uliza kwanza: anayetajwa ni nani, na anayelipigia kelele ni nani?

Kwa kipimo hicho, amri ya 1980 iliwanyang'anya watu jina lao. Hata hivyo kipimo hakiwaachii mashabiki waende zao wakishangilia. Jina la kujiita ni mlango, na mlango huweza kufungwa kutoka ndani. Kijana wa Mombasa au Meru anayeipenda Ingwe kwa soka lake hatazuiwa na herufi tatu. Atazuiwa na jirani yake jukwaani atakapomuuliza kwao ni wapi kabla ya kumuuliza timu imechezaje.

Dawa iliyokaribia kufaa zaidi ilitoka palepale jukwaani. Mechi ya Gor na Ingwe mashabiki waliipa jina la Mashemeji, kwa kuwa Wajaluo na Waluhya wameoana tangu zamani. Jina hilo halikufuta kabila la mtu yeyote. Lilikiri tu kwamba ugomvi uko ndani ya ukoo, na shemeji hutaniwa, hapigwi. Si kila mara utani umetosha. Mwaka 2012 mechi yao uwanjani Nyayo iliharibiwa na vurugu. Lakini siku hiyo shabiki aliyerusha jiwe alivunja sheria aliyojiwekea mwenyewe, na aibu ya namna hiyo hakuna waraka wa serikali uliowahi kuileta.