Bawaba Nene, Bomba Jembamba: Arki Ielekezwe Wapi?

Mageti ya nyumba za Nsambya, katika tarafa ya Makindye jijini Kampala, mara nyingi huundwa kwa bomba la mraba lenye unene wa milimita 1.5 hivi, kisha uzito wote hubebwa na bawaba zilizochomelewa juu ya bamba la milimita 6 au zaidi. Hapo ndipo fundi anayeanza hujaribiwa. Akiwa na hofu ya kutoboa bomba, hupunguza umeme. Naona hofu hiyo ndiyo inayoangusha mageti. Bamba nene hunywa joto na kulisambaza haraka. Amperi zikiwa chache, chuma cha rodi hulala juu yake bila kuyeyukiana nalo. Mshono huonekana umejaa, hasa ukishapigwa grinda na rangi, kumbe umeshika upande mmoja tu.

Dawa ni kupima umeme kwa kufuata bamba nene, kisha kulilinda bomba kwa mkono. Kwa rodi ya 6013 ya milimita 2.5, ambayo hufanya kazi kati ya amperi 60 na 90 hivi, anza karibu na 80. Washa arki juu ya bamba, iache fupi, ngoja dimbwi la chuma kilichoyeyuka litulie, ndipo ulisukume liguse ukingo wa bomba na kurudi mara moja. Kama theluthi mbili za muda arki ibaki kwenye unene. Bomba lipate joto la dimbwi, si la arki yenyewe. Choma vipande vifupi, pumzisha, hamia upande mwingine. Na panapofikika, kipande cha shaba nyuma ya bomba husaidia sana, kwa kuwa shaba hupitisha joto mara kadhaa zaidi ya chuma na mshono haung'ang'anii juu yake.

Wapo watakaosema kwamba ushauri huu unamfaa mwenye mashine ya kisasa, si anayetumia transfoma iliyosukwa mtaani, isiyo na kipimo cha kuaminika, huku umeme ukipanda na kushuka. Ni kweli kwamba namba haiaminiki hapo, lakini mwelekeo wa arki, urefu wake na muda wa kukaa havitegemei kitufe. Wengine wanaogopa kwamba anayejifunza atatoboa tu. Atatoboa, ndiyo; lakini tundu huonekana na huzibwa siku hiyo hiyo, ilhali mshono usioshika hujificha hadi geti limwangukie mtoto. Ndiyo maana mazoezi yaanze kwenye mabaki: chomelea kipande cha bomba juu ya bamba, kiache kipoe, kibane kwenye jiliwa, ukipige nyundo hadi kiachie. Mshono ukibanduka wote na kuliacha bamba laini, joto halikutosha. Bomba likichanika pembeni huku mshono ukibaki juu ya bamba, mkono umeanza kuelewa.