Kitenzi cha Kiingereza ‘feel’ na Kiswahili cha Nyeri

Mwanafunzi wa Nyeri aandikapo katika insha “nasikia baridi”, hutokea mwalimu akalikata neno kwa wino mwekundu na kuandika juu yake “nahisi”. Hoja itolewayo ni kwamba usemi huo umetokana na Kikuyu, ambamo kitenzi kũigua hubeba sauti, harufu, njaa na baridi pamoja. Kuhusu Kikuyu hoja hiyo ni kweli. Kuhusu Kiswahili si kweli hata kidogo.

Mswahili wa Mombasa au Unguja, asiyejua neno moja la Kikuyu, husikia baridi, husikia njaa na husikia harufu ya karafuu. Pengine huona njaa na kiu. Waganda hutumia okuwulira vivyo hivyo, na Wazulu ukuzwa. Basi kipimo cha mwalimu hakikutoka pwani. Kimetoka katika Kiingereza, ambacho hutenga ‘feel’ na ‘hear’. Na kwa kuwa Kiingereza kina neno moja, Kiswahili nacho kimetafutiwa moja, yaani hisi, lenye asili ya Kiarabu. Ndipo twasoma “nahisi kwamba bei ya kahawa ni duni”, mahali ambapo “naona” lingetosha. Mnunuzi katika soko la Karatina ashikaye kitambaa ajue uzito wake, kwa Kiingereza hilo nalo ni ‘feel’. Kwa Kiswahili hakihisi, hukipapasa.

Tangu 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima la kutahiniwa, masahihisho ya namna hii yaliweza kumnyima mtoto alama kwa usemi ambao yeye na Mswahili wa pwani wanaushiriki.

Hata hivyo, si kila usemi wa mwanafunzi uhalalishwe. Kikuyu husema kũigua tha na kũigua thoni. Katika Kiswahili huruma na haya huonwa, hazisikiwi. Hapo wino mwekundu una haki. Una haki zaidi penye “sisikii vizuri”, tafsiri ya moja kwa moja ya ndiraigua wega. Mgonjwa wa Othaya amwambiapo hivyo tabibu aliyetoka Lamu, hana budi kutazamiwa masikio. Kiambishi -ji- peke yake kingemwokoa: “sijisikii vizuri”.