"Decorate" si Kupamba Tu: Uhakiki wa Kisawe Kimoja

Katika kazi za tafsiri za wanafunzi wetu hapa Kigali kuna jambo moja linalojirudia kila muhula. Kila panapotokea kitenzi cha Kiingereza "decorate", mwanafunzi huandika "kupamba", kisha huendelea na sentensi inayofuata bila wasiwasi. Orodha nyingi za msamiati humpa neno hilo moja tu, na baadhi yetu walimu tunaliwekea alama ya vyema. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kisawe hicho ni sahihi nusu, na kwamba nusu iliyobaki inaweza kumwaibisha mfasiri na hata kumuumiza msomaji.

Tuanze na asili. "Decorate" imetokana na kitenzi cha Kilatini decorare, chenye uhusiano na nomino decus, yaani heshima, fahari au pambo. Imetumika katika Kiingereza tangu karne ya 16, na Kifaransa kina ndugu yake, décorer, ambacho wengi wetu nchini Rwanda tulikifahamu kwanza. Kwa kuwa uzuri na heshima vilikaa pamoja katika mzizi, kitenzi hiki leo kina maana kuu tatu: (i) kukifanya kitu kipendeze kwa kukiongezea vitu vingine, (ii) hasa nchini Uingereza, kupaka nyumba rangi au kubandika karatasi ukutani, (iii) kumpa mtu nishani.

"Kupamba" hubeba vizuri maana ya kwanza peke yake. Ukumbi hupambwa, keki hupambwa, bibi harusi hupambwa. Katika maana ya pili, Mswahili husema nyumba imepakwa rangi. Akisikia kwamba imepambwa, atafikiria maua, mapazia na taa. Katika maana ya tatu, kisawe chetu kinaanguka kabisa. Mnamo Julai 2009 Rwanda ilimtunuku Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, nishani ya Uruti. Mwanafunzi anayeandika kwamba Mwalimu "alipambwa na Rwanda" amesema jambo jingine, kwa sababu katika Kiswahili cha pwani maiti naye hupambwa: huoshwa, hutiwa pamba na manukato, kisha hukafiniwa. Mtu hutunukiwa nishani au huvishwa nishani. Hapa pana hatari ya kuugeuza utukufu kuwa mazishi.

Kwa upande mwingine, "kupamba" kina matumizi ambayo "decorate" haina. Mtu akisifiwa kupita kiasi, husemwa kwamba anapambwa. Vita vikikolea, vimepamba moto. Msaidizi anayesimama nyuma ya Rais wa Tanzania huitwa mpambe wake, na watu wanaomzunguka mwanasiasa kwa kumsifu huitwa wapambe. Kwa hiyo maneno haya mawili hukutana katika eneo moja, kisha kila moja hushika njia yake.

Wapo wanafunzi wanaodai kwamba kitenzi "pamba" kimetokana na nomino "pamba", zao la shambani. Nomino hiyo huhusishwa na Kiajemi, na kufanana kwa umbo peke yake si ushahidi wa asili moja. Kila neno lifundishwe kama kidahizo chake.

Kinyarwanda nacho kina mtego wake. Sisi husema gutaka kwa maana ya kupamba, na mapambo ni imitako. Kwa Kanuni ya Dahl, kiambishi ku- hugeuka gu- kinapofuatwa na konsonanti isiyo ghuna kama t. Kiswahili hakifuati kanuni hiyo. Mwanafunzi anayeirudisha g kuwa k, kama alivyozoea kufanya kwa maneno mengine, hupata "kutaka". Ndipo tunaposoma sentensi kama "vijana walitaka ukumbi", na msomaji wa Mombasa hujiuliza waliutaka wa nini. Kosa hili lisihesabiwe kuwa uzembe. Limetokana na mantiki nzuri iliyotumika mahali pasipofaa, na dawa yake ni kuiweka wazi kanuni yenyewe darasani.

Tutazame mfano wa nyumbani. Sanaa ya imigongo, inayofahamika sana Nyakarambi katika Wilaya ya Kirehe, hutengenezwa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu. Fundi hufinyanga matuta kwa vidole, kisha huyapaka rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu. Jina lenyewe ni "migongo" ya Kiswahili, neno lile lile. Ukuta uliowekwa sanaa hiyo umepambwa, hapana ubishi. Lakini kazi ya fundi ya kuinua matuta yale ni kutia nakshi, neno ambalo Mswahili hulitumia pia kwa milango ya Zanzibar. Angetumia uzi na sindano, tungesema anadarizi. Kiswahili kina kitenzi kwa kila ufundi, na mfasiri anayeandika "kupamba" kila mahali huwanyang'anya mafundi hao majina ya kazi zao.

Baadhi ya wenzetu hujibu kwamba Kiswahili cha Rwanda kina haki ya kukua kwa namna yake. Haki hiyo ipo, na hakuna Kiswahili kisichokopa. Hata hivyo, tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini mwetu, na nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Maandishi tunayoyafasiri yanasomwa Dodoma na Nairobi, na mengine yanahusu mambo mazito. Mfasiri wa habari za kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi akiandika kwamba wageni "walipamba makaburi" huko Gisozi, ameleta harufu ya sherehe mahali pa maombolezo. Wageni waliweka mashada ya maua. Tofauti hiyo ni ya heshima kabla ya kuwa ya sarufi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwalimu asitoe kisawe bila sentensi. Pili, mwanafunzi ajiulize: ni nini kinachofanyiwa tendo, kwa ufundi gani, na kwa nia ya kupendezesha au ya kuheshimu? Tatu, katika usahihishaji, "kupamba" kilichotumika kwa nishani au kwa makaburi kisipewe nusu alama kwa huruma. Mwanafunzi aandikiwe pembeni neno linalofaa, naye aiandike sentensi upya.