Seben haijakufa, ni korde njo zimekufa

Kila mara seben inapoanguka mu kanisa ao mu sherehe ya kolasyo, tunatafuta mkosaji haraka. Wa kwanza kushitakiwa ni kijana wa klavye: amefunika wengine. Wa pili ni mtu wa sono: ameweka besi mingi. Wa tatu ni mpiga solo mwenyewe, eti hana vidole vya wazee, hakusikiliza Docteur Nico, hakusikiliza Franco. Hakuna anayeinama kuangalia korde. Mimi nasema hivi, ndugu zangu: kwa gitare nyingi ninazosikia hapa Lubumbashi, kosa liko pale, ku zile waya sita, na kulirekebisha kunaomba pesa kidogo sana kuliko ile ampli mpya tunayochangisha kila mwaka.

Tuelewane kwanza juu ya kile tunachokitafuta. Seben inaishi na sauti inayong'aa. Gitare tatu zinaweza kupiga pamoja, solo, mi-solo na akompa, kila moja na sentensi yake fupi inayorudia-rudia, na sikio linapaswa kuzitenganisha. Kinachozitenganisha si nguvu ya ampli. Korde inapopigwa haitoi sauti moja tu. Kuna ile kubwa tunayoiita noti, na juu yake kuna nyingine ndogo-ndogo nyingi zinazoisindikiza. Zile za juu kabisa njo zinafanya mwanzo wa noti usikike kama kengele, ta! Zikipotea, noti inabaki lakini haina meno. Sasa weka gitare tatu zisizo na meno pamoja, ongeza klavye na besi: utapata uji. Mtu wa sono atapandisha sauti ya juu ku meza yake, lakini hawezi kupandisha kitu ambacho korde haitoi. Atapandisha kelele tu.

Korde inakufa namna gani? Hapa mingi inasemwa pa bure. Watu wanafikiri inazeeka kwa kupigwa. Ndiyo, kuna ile: vyuma vya shingo vinaikwaruza fasi moja kila siku, waya inaingia mabonde madogo, uzito wake hauko tena sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, njo maana gitare inakataa kuakorde: chini iko sawa, ukipanda ku fasi ya kumi na mbili inateleza. Lakini muuaji mkubwa ni jasho. Jasho iko na chumvi, na chumvi na unyevu juu ya chuma, kila mkulima mwenye panga anajua mwisho wake. Tena korde tatu nene, ya 4, ya 5 na ya 6, zimezungushiwa waya mwingine kama kamba ya spiral. Katikati ya ile mizunguko kunaingia mafuta ya ngozi, vumbi, ngozi iliyokufa. Huo uchafu unafanya kazi kama kitambaa ulichoweka juu ya kengele. Unakula kwanza zile sauti ndogo za juu. Ndiyo sababu korde nene zinapoteza kung'aa mbele ya zile nyembamba, hata kama kwa macho bado zinaonekana nzuri.

Mukishike kitu hicho, juu yote ninayosema chini inatoka hapo.

Ukiingia mu duka utaona pakiti zinaandikwa majina ya vyuma. Chuma kilichopakwa nikeli, hiyo ndiyo ya kawaida, inang'aa vizuri na haili sana vyuma vya shingo. Nikeli safi, sauti yake ni ya joto, ya mviringo, watu wa bluzi wanaipenda. Kwa seben mimi siichagui. Chuma kisichoshika kutu, inox, hiyo inang'aa kuliko zote na inavumilia jasho, lakini ni ngumu, chini ya vidole inakwaruza, na vyuma vya shingo vinaisha haraka zaidi. Kwa gitare ya bei ndogo yenye vyuma laini, fikiria mara mbili. Lakini angalia siri ambayo pakiti haikuelezi kwa herufi kubwa: mu seti za kawaida, yale majina yote ni ya korde tatu nene tu. Korde ya 1, ya 2 na ya 3 ni waya mtupu wa chuma kilichopakwa bati, karibu uleule, uwe umenunua nikeli safi ao nyingine. Kijana anayepiga solo yake yote juu, ku zile tatu nyembamba, halafu anajisifu kwamba chuma cha pakiti yake kilibadilisha solo, anasikia masikio ya matumaini.

Kisha kuna korde zinazovalishwa utando. Elixir ndiyo jina linalojulikana zaidi. Inatengenezwa na Gore, kampuni ya Marekani ileile ya kitambaa cha Gore-Tex kisichopitisha mvua. Wazo ni rahisi na ni zuri: plastiki nyembamba sana inafunika waya uliozungushwa, uchafu na jasho visiingie mu mizunguko. Wako na aina kadhaa. Polyweb iko na utando mnene, inateleza chini ya kidole na sauti yake ni laini zaidi. Nanoweb ni nyembamba kuliko hiyo, inang'aa zaidi. Optiweb inatafuta kukaribia korde isiyovalishwa. D'Addario nao wako na XS. Zinadumu? Ndiyo, zinadumu kweli, kwa mtu mwenye jasho kali tofauti inaonekana wazi. Bei yake inaweza kufika mara mbili ya seti ya kawaida, na zaidi. Siku ya kwanza, seti mpya isiyo na utando mara nyingi inang'aa zaidi kidogo kuliko ile yenye utando mnene. Baada ya majuma kadhaa ya mazoezi, mambo yanageuka: ya kawaida imeshuka, yenye utando iko karibu fasi ileile.

Sasa, nani anahitaji utando? Hapa njo ninapogombana na desturi yetu.

Mu makundi mengi, korde nzuri zinaenda kwa mpiga solo. Yeye njo nyota, yeye njo anapigwa picha na kupewa franka ku paji la uso. Akompa anapewa mabaki: seti ambayo solo ametoa, ao korde tatu za mtu huyu na tatu za mwingine. Ukifuata tulichosema juu ya uchafu, hiyo ni kugeuza dunia kichwa chini. Mpiga solo wa seben anaishi ku waya mtupu, fasi ambayo utando una kazi ndogo. Kile anachohitaji ni korde nyembamba mpya, mara kwa mara, juu zinashika kutu na kukatika. Hizo ni zile za bei ya chini kabisa, kama muuzaji anakubali kuuza moja moja: ya 10, ya 13, ya 17, kwa ile seti inayoitwa 10-46. Lakini akompa yeye anafanya kazi ku korde za kuzungushiwa, ile katikati na ile ya chini. Pigo lake likiwa na kitambaa juu, wachezaji wanapoteza mguu bila kujua kwa nini. Seti yenye utando ni yake. Na yule wa mi-composé, kama kundi linaye bado, anatoa korde ya 4 nene na kuweka mahali pake waya mwembamba unaokazwa oktavu moja juu. Anabaki na korde mbili tu za kuzungushiwa. Kumnunulia seti ya utando ni kulipa nguo ya mtu asiyekuwepo.

Kuna wazee watanijibu: Mwenda Jean Bosco, aliporekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville mwaka 1952, alikuwa na utando gani? Roger Landu wa Staff Benda Bilili, satonge yake ni kopo na waya moja, na inapasua mu orkestra nzima. Ni kweli, na ni jibu zuri. Lakini Mwenda alikuwa na gitare isiyo ya umeme, peke yake mbele ya mikrofoni, hakuna klavye ya kumfunika, na kidole chake kilijua fasi ya kugonga. Waya moja ya Landu ni waya mtupu: hakuna mizunguko ya kujaa uchafu! Mifano yao haipingi, inakubali. Anayenishinda kweli ni James Jamerson, mpiga besi wa Motown kule Detroit, aliyejulikana kwa kuacha korde zake bila kubadilisha. Besi yake ilitaka ile sauti ya kufa, nene, fupi. Kwa hiyo kung'aa si sheria ya muziki wote. Ni sheria ya solo na akompa mu seben, na mpiga besi wetu anaweza kuachwa na korde zake za zamani kwa amani.

Na kuchemsha? Wengi tunachemsha korde mu sufuria. Inasaidia kidogo: maji ya moto yanatoa mafuta na uchafu, sauti inarudi, siku chache. Mabonde ya vyuma hayaondoki, na kutu haiondoki. Usipozikausha vizuri umeleta kutu mpya. Mimi ninaamini zaidi sabuni na kitambaa kikavu. Nawa mikono mbele ya kupiga, si kisha kula beignets. Ukimaliza, pangusa kila korde juu na chini, usiweke gitare mu housse ikiwa bado na jasho. Sisi wa agronomia tunajua hatuwezi kufunga mahindi mu mfuko juu ya unyevu wa 13 kwa mia. Lakini gitare iliyotoka kupigwa saa tatu mu kanisa lenye mabati, mwezi wa kwanza, tunaifunga palepale mpaka siku ya Mungu nyingine.

Neno moja juu ya bandia, maana ziko. D'Addario wenyewe wamepigana na watu wanaoiga pakiti zao. Korde ya bandia inaweza kung'aa siku mbili, halafu haishiki akorde hata kidogo. Ukiweka mpya, uivute mara tatu nne na uakorde tena kila mara. Ikiendelea kushuka siku ya tatu, usimlaumu mpiga gitare.

Kwa kamati zinazopanga matoleo ya mwezi kesho: seti moja yenye utando kwa akompa, korde tatu nyembamba mbili-mbili kwa solo, kitambaa cha pamba kimoja kwa kila gitare na jina la mwenye nalo liandikwe juu yake. Ampli ingojee.