Mkwaruzo wa Madala Kunene

Wapenzi wa muziki wa Durban, Afrika Kusini, wakianza kuzipambanisha albamu za Madala Kunene, mwimbaji na mpiga gitaa wa mji huo, ubishi hauishi upesi. Mmoja atashikilia Kon'ko Man, ya miaka ya 1990, kwa sababu ndimo alimomsikia mara ya kwanza. Mwingine atatetea Madamax, aliyoipiga na Max Lässer, mpiga gitaa wa Uswisi. Wa tatu hataki kusikia nyingine ila 1959. Mimi nami nina upande wangu, lakini naona wote hao wanabishania kitu kimoja, nacho ni ile sauti, na namna kila albamu ilivyoipa nafasi.

Ni sauti nzito, yenye mkwaruzo, isiyopanda juu kutafuta makofi. Inapita kooni kama jembe linalopita kwenye changarawe. Asiyeizoea hudhani imechakaa. Sauti iliyochakaa huishiwa pumzi kabla ya mwisho wa mstari. Yake hufika mwisho ikiwa na akiba. Kunene anajua neno lipi alizamishe chini ya gitaa na lipi aliache juu, na mara nyingi huacha gitaa lizunguke muda mrefu kabla hajafungua kinywa. Kungoja huko ndiyo kazi yenyewe. Waimbaji wengi wenye makoo mazuri hawajawahi kuiweza.

Kunene alianza kuisomea kazi hiyo utotoni. Alizaliwa mwaka 1951 Mkhumbane, mtaa ulioandikwa kwenye ramani kwa jina la Cato Manor. Gitaa lake la kwanza lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia lililofungwa mshipi wa kuvulia, na akiwa bado mtoto mdogo alilipiga ufukweni mwa Durban apate sarafu za wapita njia. Pwani yetu pia watoto wamelijua gitaa la kopo. Halikupi milio mingi, hivyo mpigaji hana budi kuiheshimu ile michache iliyopo. Kwa maoni yangu, mkono wake haujaisahau adabu hiyo hadi leo.

Gitaa la Kizulu nalo lina taratibu zake. Mpiga maskandi, yaani muziki huo wa gitaa, hufungua kwa izihlabo, kipande kifupi cha kuonyesha vidole na jinsi nyuzi zilivyokazwa. Kidole gumba hushika besi, shahada hujibu kwenye nyuzi nyembamba. Katikati ya wimbo huacha kuimba, akaghani majigambo kwa kasi, akijitaja yeye, ukoo wake na kwao alikotoka. Kunene anazijua taratibu hizo zote, ila amezipunguza mwendo. Wimbo wake hukaa juu ya milio miwili mitatu inayozunguka, nami kila nikimsikiliza naukumbuka ugubhu, upinde wa uzi mmoja uliopigwa na Princess Constance Magogo hadi uzeeni mwake: mlio wa chini, mwingine mwembamba juu yake, na sauti ya binadamu imejipenyeza kati. Juu ya gitaa la namna hiyo sauti laini ingeteleza ikapotea. Mkwaruzo unashika.

Dar es Salaam ubishi huu si mgeni. Wapo wanaoiweka Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala, ya mwaka 1989, mbele ya Mambo ya 1992, na wapo wanaokataa katakata. Naye Remmy alikuwa na mkwaruzo, lakini alikwaruza akihutubia, umati ukiwa mbele yake. Kunene hukwaruza kama anayezungumza na mtu mmoja aliyekaa karibu naye.

Kwa uzito wa jambo linalobebwa, 1959 ndiyo albamu kubwa. Ilitoka mwaka 2015, na jina lake ni mwaka ambao familia yake iling'olewa Mkhumbane kwa sheria za ubaguzi wa rangi ikapelekwa KwaMashu, yeye akiwa na miaka minane. Ubaguzi huo huo, miaka michache baadaye, uliwahamishia Chatsworth Wazanzibari wa Durban, wazao wa watumwa waliokombolewa na kushushwa huko kuanzia 1873. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili haingii katika albamu hii kama mgeni kabisa. Mtu aliyehamishwa akiwa mtoto, akangoja zaidi ya nusu karne ndipo auweke mwaka huo kwenye jalada, hana haja ya kupaza sauti, na Kunene hapazi.

Hata hivyo, nikiulizwa ufundi peke yake, naenda kwa Bafo Bafo, kazi yake na Syd Kitchen. Kitchen naye alikuwa mtoto wa Durban aliyezaliwa 1951, ila Mzungu, na sheria za utoto wao zilikusudia wasikutane. Alikuwa mtunzi wa nyimbo mwenye koo la kukwaruza, aliyepanda jukwaani katika kila tamasha la Splashy Fen tangu lilipoanza mwaka 1990 hadi karibu na kifo chake, Machi 2011. Katika albamu hiyo ndipo unapogundua kwamba mikwaruzo haifanani. Wa Kitchen ni mkavu, umejaa maneno, una haraka ya kusimulia. Wa Kunene una maneno machache na unakaa chini. Magitaa yao hayashindani: mmoja akitembea, mwenziwe husimama akamshikia mlango. Pumzi zinasikika, na hakuna aliyejaribu kuzifuta.

Sasa vijana wameongeza hoja nyingine, kwaNTU, aliyorekodi na Sibusile Xaba, mpiga gitaa wa KwaZulu-Natal anayemhesabu Kunene kuwa mwalimu wake. Wana haki ya kuitetea. Lakini anayeanza leo ningempa Bafo Bafo kwanza, azizoee sauti mbili kabla ya kubaki na moja. Kisha 1959, aisikilize mfululizo bila kuruka wimbo.