Zibua Kwanza, Kata Baadaye

Saratani ya utumbo mpana huweza kukua miaka mingi bila kelele. Kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi, habari zake za kwanza hufika siku uvimbe unapoziba njia yote. Mtu anapokelewa hospitali tumbo limevimba kama ngoma, siku kadhaa hajapata choo wala hajatoa upepo, na sasa ameanza kutapika. Kwa miongo mingi jibu lilikuwa moja: apelekwe chumba cha upasuaji usiku huohuo. Shida ni kwamba hakuna wakati mbaya wa kumkata mgonjwa huyu kuliko usiku huo.

Tuangalie kinachoendelea ndani. Uvimbe unaoziba mara nyingi uko upande wa kushoto, ambako choo kimeshaanza kuwa kigumu. Upande wa kulia, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, pana vali inayozuia uchafu usirudi nyuma. Vali hiyo ikiwa imara, utumbo mpana unakuwa umefungwa ncha zote mbili huku gesi na maji vikiendelea kuongezeka. Kuta za bomba lolote hubeba mkazo mkubwa zaidi pale bomba lilipo pana zaidi, na sehemu pana kuliko zote ni mwanzo wa utumbo mpana, karibu na kidole tumbo. Ndiyo maana uvimbe unaweza kuwa kushoto na utumbo ukapasuka kulia. Daktari anayesoma picha ya CT hatosheki kwa kuutazama uvimbe. Anashuka pia hadi pembe ile ya kulia na kupima upana: ukifika sentimita 9 anaanza kuwa na wasiwasi, ukipita 12 anajua muda umekwisha.

Wakati huohuo maji ya mwili yanahamia ndani ya utumbo, figo zinakosa damu ya kutosha, na potasiamu inavurugika. Kuta zilizotanuka haziaminiki kushika nyuzi, na juu ya hapo utumbo umejaa kinyesi. Daktari akiunganisha ncha mbili za utumbo wa namna hii, anahofia zitavuja. Kwa hiyo wengi hufuata njia aliyoieleza Mfaransa Henri Hartmann mwaka 1921: kata uvimbe, funga ncha ya chini, toa ya juu kwenye ngozi ya tumbo, mgonjwa apate haja kwenye mfuko. Kinadharia atarudi baadaye kuunganishwa. Kwa kweli wengi, hasa wazee, hawarudi kamwe, na mfuko wa muda unakuwa wa maisha.

Kabla ya kufikiria kisu, saa za kwanza zina kazi zake: dripu, mpira wa puani wa kunyonya yaliyomo tumboni, katheta ya kupimia mkojo, vipimo vya damu, kisha CT. Dawa ya kunywa ya kulainisha choo, ambayo ndugu wengi huwa wameshampa mgonjwa nyumbani kwa nia njema, haina nafasi hapa, kwa sababu inaongeza shinikizo nyuma ya mlango uliofungwa. Picha nayo si anasa. Katika hospitali za Afrika Mashariki, utumbo kujisokota ni sababu ya kawaida sana ya utumbo mpana kuziba, na ukimtazama mgonjwa kwa nje huwezi kumtofautisha na mwenye saratani. Mwenye utumbo uliojisokota, kama haujaanza kufa, huweza kufunguliwa kwa mpira unaopitishwa njia ya haja kubwa. Mwenye saratani anahitaji mpango mwingine.

Mpango huo ulipata sura mpya mwaka 1991, daktari Dohmoto alipoeleza matumizi ya stenti, yaani bomba la wavu wa chuma, kwa wagonjwa ambao upasuaji haungewaponya. Mwaka 1994 Tejero na wenzake wa Hispania walipiga hatua ya pili: walizibua kwa stenti, wakasubiri, kisha wakamkata mgonjwa akiwa na nafuu.

Kazi yenyewe si ndefu, lakini inataka mkono mtulivu. Kamera ya koloskopi inapandishwa hadi chini ya uvimbe na kuishia hapo, bila kulazimishwa kupita. Waya laini unapenyezwa katika upenyo uliobaki, ambao wakati mwingine hauonekani kwa jicho, na dawa ya rangi inadungwa ili eksirei ionyeshe urefu wa sehemu iliyobanwa. Kishawishi cha kutanua kwanza kwa puto kinakatazwa, kwani ndipo utumbo unapochanika. Stenti inafuata juu ya waya ikiwa imebanwa ndani ya mrija mwembamba. Imefumwa kwa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani unaokumbuka umbo lake, kwa hiyo mrija huo unapovutwa nyuma wavu unafunguka wenyewe. Urefu wake lazima upite uvimbe kwa karibu sentimita 2 kila upande. Kwenye eksirei wavu unauona umepanuka ncha zote mbili na kubanwa kiunoni. Kiuno hicho kitaachia polepole katika siku moja au mbili zijazo. Gesi na kinyesi cha maji havisubiri. Vinatoka kwa kishindo, na muuguzi mzoefu anajua upande wa kusimama.

Baada ya hapo timu ina takriban wiki mbili. Mgonjwa anakula chakula laini, figo zinarudi, damu inaongezwa kama imepungua, na wataalamu wa nusukaputi wanamchunguza moyo bila haraka. CT inasoma ini na mapafu kujua saratani imesambaa wapi. Halafu anafanyiwa upasuaji mchana, na daktari aliyebobea, utumbo ukiwa umepungua na unaweza kuunganishwa siku hiyohiyo.

Kwenye karatasi hakuna wa kupinga. Uholanzi ikaamua kupima. Wagonjwa 98 katika hospitali 25 waligawanywa kwa kura, wengine stenti kwanza, wengine upasuaji wa haraka. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, na ripoti ya mwaka 2011 haikupendeza: stenti ilifanikiwa kuwekwa kwa asilimia 70 tu, na baadhi ya wagonjwa walitoboka utumbo. Kwa saratani inayoweza kupona, tundu ni balaa maradufu, maana linaweza kumwaga seli za uvimbe tumboni. Mwaka 2014 chama cha Ulaya cha wataalamu wa endoskopi kikasema stenti isiwe tiba ya kawaida kwa wagonjwa hao.

Mimi nauona utafiti ule kwa jicho la mgawanyo. Wagonjwa 98 kwa hospitali 25 ni wastani wa chini ya wanne kila moja, na kazi inayotegemea mkono haihukumiwi vizuri hivyo. Hata hivyo hatari ya kutoboka haikuzuliwa na Waholanzi. Chama kilekile kililegeza msimamo mwaka 2020: stenti ikawa chaguo la kujadiliwa na mgonjwa mwenye uvimbe wa kushoto. Mwaka 2022 Waingereza wakachapisha matokeo ya wagonjwa 245. Stenti ilizibua kwa asilimia 82. Waliowekewa mfuko walikuwa asilimia 47, dhidi ya 68 kwa waliokatwa moja kwa moja. Vifo vya siku 30 na saratani kurudi ndani ya miaka mitatu havikutofautiana kwa maana.

Kwa hiyo anayeahidi kwamba stenti inarefusha maisha anatia chumvi. Inachopunguza ni mfuko, na kwa mtu atakayeishi na mfuko huo si jambo dogo. Masharti nayo ni makali: dalili za utumbo kupasuka zikiwepo, stenti haifikiriwi, ni upasuaji mara moja. Uvimbe wa kulia mara nyingi hukatwa na utumbo kuunganishwa palepale. Ulio chini kabisa karibu na njia ya haja hauvumilii wavu wa chuma, kwa maumivu na hamu ya choo isiyoisha.

Na pasipo na koloskopi usiku, eksirei ya moja kwa moja wala stenti stoo? Kanuni ya kuzibua kwanza bado inasimama. Daktari anatoa kitanzi cha utumbo mpana juu ya uvimbe, anakifungua kwenye ngozi, na uvimbe unaachwa hadi siku yake. Wagonjwa wa Uholanzi waliofanyiwa hivyo walilinganishwa na waliokatwa uvimbe kwa dharura, katika ripoti ya 2020, na kwa kundi la kitanzi waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa wachache zaidi. Ufundi wake upo katika hospitali yoyote yenye daktari wa upasuaji, ila unaharibiwa na jambo dogo: mahali. Alama ichorwe kwa kalamu kabla ya nusukaputi, mgonjwa akiwa ameketi kama hali inaruhusu, kwa sababu mikunjo ya tumbo haionekani akilala. Iwe mbali na pale anapofungia mkanda au kanga, na mbali na mstari ambao kisu kitapita wiki chache baadaye.