Upana wa chumba hukatwa Salale

Ukiingia nyumba ya zamani ya mawe Mji Mkongwe, Unguja, pima chumba kwa hatua. Kwa urefu utatembea vizuri. Kwa upana, hatua tatu nne umegota ukutani. Hauzidi mita tatu sana. Inua macho darini uone sababu: boriti zimelala kutoka ukuta hadi ukuta, na pale ulipoishia urefu wake ndipo fundi alipolazimika kujenga ukuta wa pili. Boriti nyingi za Unguja zilitoka delta ya Rufiji. Ndiyo maana nasema, bila kumnyima mwashi haki yake, kwamba kipimo cha nyumba kiliamuliwa na mkata mikoko wa Salale na Simba Uranga, humo deltani, mtu aliyepewa shoka na baba yake.

Kazi yake ilidai jicho. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu, kwa hiyo shoka hupigwa juu ya mizizi hiyo, na mti unaotakiwa ni ule ulionyooka kutoka hapo kwenda juu. Unene ndio unaoupa mti jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mtoto aliyekulia kwenye kazi hukumbatisha vidole kwenye gome akakutajia daraja kabla mti haujaanguka. Ukiwa mbichi ni mzito, ukiutupa majini unazama. Hauburutwi kama magogo mengine. Hupakiwa mtumbwini, na mtumbwi husubiri maji yajae, bamvua likiwa ndiyo nafasi nzuri ya kufika ndani kwenye vijito. Huko nje huhesabiwa kwa korija, miti 20 kwa kila moja.

Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alifika deltani humo na jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasir al-Najdi, likapakia miti hiyo. Kuwait waliiita chandal. Waliipanga juu ya kuta, wakaweka mianzi iliyopasuliwa na mikeka, kisha udongo. Unguja juu ya boriti waliweka mawe ya matumbawe na zege la chokaa lililopondwapondwa kwa siku kadhaa. Paa ni tofauti kabisa, chumba ni kilekile chembamba.

Kwenye bonde la Rufiji lenyewe, wakulima wa mpunga wao walijijengea dungu: kibanda juu ya nguzo ndefu, cha kulinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe, na cha kulala mto ukifurika. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji ya serikali iliwahamishia watu maeneo ya juu. Mpunga ulibaki chini, na madungu yakabaki nao.

Leo Kibiti mjini, si mbali na delta, nyumba inaezekwa kwa mbao za kupasuliwa na bati, na sebule ina upana wowote anaoumudu mwenyewe. Lakini shambani, msimu wa mpunga, mzee bado anazunguka nguzo ya dungu mara mbili, anaipiga kwa kisigino cha mkono, ndipo anamwambia mwanawe achimbe shimo.